Nimerudi kuediti video baada ya miaka mingi, haya ndo niliyokutana nayo

Mimi niliediti harusi Moshi kuanzia 2007 mpaka kama 2013 hivi, enzi za kaseti za MiniDV, programu ya kuediti ya Premiere Pro CS3 kwenye Windows XP, kazi ikiisha unachoma DVD za maharusi, za wazazi pande zote mbili, ya kamati, na ya yule shangazi ambaye lazima apate yake. Alafu nikaolewa nikahama, tukafungua duka la vifaa vya ujenzi, video ikabaki kitu cha kuangalia kwa watu. Mwishoni mwa mwaka jana rafiki yangu mwenye studio akanipigia simu, na Desemba ya Moshi mnaijua, Wachaga wote wamepanda nyumbani, harusi, ubatizo, kipaimara, komunyo ya kwanza, kila wikiendi ukumbi umejaa, akaniambia dada njoo unisaidie kazi zimenizidi. Nikaenda. Nikafungua kompyuta, Premiere haipo, kuna programu nyingine ya kuediti inaitwa DaVinci Resolve.

Naandika haya kwa sababu najua wapo wengi kama mimi, walikuwa wazuri kabisa kwenye hii kazi, wakaacha kwa sababu za maisha, na sasa wanaogopa kurudi wakiona vijana wanavyokimbia. Nataka niwaambie kwa kirefu nilichokiona maana hakuna aliyeniambia mimi.

Kwanza huko katikati yamepita mengi. 2011 Apple walileta Final Cut mpya, programu yao ya kuediti, ambayo haina treki kama tulizozoea, watu wakalalamika sana. 2013 Adobe, wenye Premiere, wakasema basi, matoleo mapya hayanunuliwi mara moja tena, ni kulipia kila mwezi. Na hii Resolve zamani ilikuwa ni mitambo ya kusahihisha rangi tu, ya bei ya ajabu, kwa ajili ya watu wa sinema, mwaka 2009 Blackmagic Design wa Australia wakainunua kampuni yenyewe, 2011 wakaanza kutoa toleo la bure, alafu polepole wakaiongezea kuediti, sauti, na vile vitu vya kutengeneza michoro. Toleo la bure linakufikisha 4K ya 3840 kwa 2160 na fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, kwa harusi hiyo ni zaidi ya tunachohitaji. Sasa mtu mwenye studio ya vyumba viwili anayelipa kodi kila mwezi utamwambia nini kuhusu programu ya bure inayofanya yote hayo? Ndo maana studio nyingi ndogo zimehamia huko.

Chini ya skrini kuna kurasa saba zimepangwa, Media, Cut, Edit, Fusion, Color, Fairlight, Deliver. Ukiziona zote mara moja unachoka kabla hujaanza. Ushauri wangu, mbili tu kwanza, Edit na Deliver, kata panga toa. Zingine zitakuja zenyewe kazi ikikudai. Mimi Color, ya rangi, ilikuja kwa sababu ya taa za ukumbi na Fairlight, ya sauti, ikaja kwa sababu ya MC, nitaeleza.

Mikono ndo ilinishangaza. J K L za kucheza mbele na nyuma zipo vilevile, I na O za kuweka alama ya mwanzo na mwisho zipo vilevile, vidole vikaenda vyenyewe bila hata kufikiri, nikafurahi nikajua nimeshafika. Alafu nikataka kufuta klipu moja katikati ya maandamano ya kuingia ukumbini, nikabonyeza Delete, kila kitu kilichokuwa mbele kikasogea nyuma, muziki ukaachana na hatua za maharusi. Kijana wa pale studio ananiita anti, akasema bila hata kugeuka, "Anti, hapo bonyeza Backspace, Delete inafuta inaziba na pengo." Kwenye Premiere ni tofauti, Delete inaacha pengo lake, kuziba ni Shift na Delete. Wembe wa kukatia zamani ulikuwa C, hapa ni B. Kukata pale mstari uliposimama ilikuwa Ctrl na K, hapa ni Ctrl na B. Vitu vidogo ila unakutana navyo kila dakika kwa siku nzima.

Kuna sehemu ya kuchagua kibodi ifanye kazi kama Premiere au Final Cut au Avid. Mimi sikuigusa na nikiulizwa nitasema usiiguse, kwa sababu kompyuta ya studio mnakaa wawili watatu, ukibadilisha wewe unamharibia mwenzio, na video zote za mafunzo utakazoangalia zinatumia zile shotikati za asili. Bora uumie wiki za mwanzo. Nilichofanya nilichukua karatasi nikaandika zile sita saba ninazozihitaji nikabandika chini ya skrini, na kila nikigundua sihitaji tena kuangalia moja naikata kwa peni.

Jambo la pili ambalo ni hatari kuliko yote na sijaona watu wakilisema vya kutosha: kwa kawaida projekti ya Resolve sio faili. Sisi tumezoea unaseivu, unapata faili ya projekti kwenye folda pamoja na video zake, unakopi folda nzima kwenye hadidisk ya mteja au ya akiba, umemaliza. Resolve inaweka projekti zote kwenye databesi yake ndani ya kompyuta, unaziona tu ukiifungua programu yenyewe. Ukikopi folda la video ukadhani umekopi kazi, kompyuta ikifa umebaki na video mbichi bila mkato hata mmoja. Kwa hiyo kila jioni kabla ya kufunga, unaenda kwenye meneja wa projekti, unaitoa kama faili ya .drp, ni ndogo sana, unaiweka kwenye flashi. Na kazi ikiisha kabisa kuna kuitoa kama akiba nzima, .dra, hiyo inabeba na video zote kwa pamoja. Mjue hilo siku ya kwanza jamani, msisubiri.

Alafu fremu. Sisi wa PAL, ule mfumo wa televisheni wa kwetu, tulikuwa hatuna mjadala, ni 25 kwa sekunde, 720 kwa 576, imeisha. Sasa hivi kwenye harusi moja unapokea kadi ya kamera ya kwanza iko 25, kamera ya pili kijana kaipiga 30, droni iko 30, na klipu za simu za wageni ambazo hazina hata namba moja inayoeleweka kwa sababu simu inabadilisha fremu yenyewe kadri mwanga unavyobadilika. Ukidondosha klipu ya kwanza Resolve inakuuliza, klipu hii ina fremu tofauti na projekti, nibadilishe? Watu wanabonyeza tu jibu lolote ili waendelee. Hapo simama. Ukishaingiza kazi ile namba ya projekti inafungwa, huibadilishi tena kirahisi. Mimi naiweka 25 kwenye seting kabla sijaingiza kitu chochote.

Na kwa nini 25 mpaka leo wakati televisheni za zamani zimeshatupwa? Kwa sababu ya umeme. Umeme wetu ni 50 Hz, taa nyingi zinazima na kuwaka mara 100 kwa sekunde bila macho kuona, kamera ya fremu 25 yenye shata ya 1/50, yaani kila picha inapokea mwanga kwa 1/50 ya sekunde, inaenda sambamba nazo, lakini ukipiga 30 kwa shata ya 1/60 haziendani, unapata ile mistari inayotembea kwenye ukuta wa ukumbi au picha inapepesa. Ni vigumu kuliondoa hilo vizuri baadae. Niliwaambia wapiga picha wa studio kamera zote ziwe 25, shata 1/50, yule kijana akabisha kwamba 30 inaonekana laini zaidi, tukapiga zote mbili chini ya taa za ukumbini tukaziweka pembeni kwa pembeni, akaona mwenyewe. Hayo ni maarifa ya zamani kabisa na bado yanafanya kazi, na mtu anayerudi ajue anayo mengi ya namna hiyo kichwani.

Za simu nazipitisha kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, ya bure hiyo, nazitoa zikiwa na fremu zisizobadilika, la sivyo kwenye klipu ndefu midomo inaanza kuachana na sauti kidogo kidogo mpaka baba mzazi anaonekana anaongea maneno ya sentensi iliyopita.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndo limenifanya niandike.

Siku za mwanzo kompyuta ilikuwa inakwama kwama. Ni laptopu nzuri, ina nguvu mara nyingi kuliko ile yangu ya XP, na bado nikicheza video inasimama. Sababu nikaja kuielewa, kaseti ya DV kila fremu ilikuwa picha kamili inayojitegemea, kompyuta inaisoma tu. Kamera na simu za sasa zinabana video kwa njia zinazoitwa H.264 na H.265, fremu nyingi hazina picha kamili, zina maelezo ya nini kimebadilika kutoka fremu za jirani, kwa hiyo ukiruka katikati kompyuta inabidi ikajenge upya picha kutoka kwa majirani zake kwanza. Dawa yake ni proksi, unachagua klipu zote, unaiambia itengeneze nakala nyepesi, unaediti na hizo nyepesi, siku ya kutoa kazi inarudi yenyewe kwenye zile nzito. Inachukua muda. Harusi nzima ya kamera mbili unaweza ukaiwasha ukaenda kula ukarudi bado inaendelea.

Na hapo kwenye kusubiri ndo nikakaa na zile kadi nikaanza kuangalia video tu, moja baada ya nyingine, bila kukata chochote, na nikajua ni kitu gani kilikuwa kimenikosesha raha tangu nirudi. Zamani kukapcha kaseti, yaani kuiingiza kwenye kompyuta, ilikuwa ni muda halisi. Kaseti ya dakika 60 unaiunganisha kwa waya wa FireWire na inakuchukua dakika 60, hakuna njia ya mkato, GB kama 13 zinaingia taratibu na wewe umekaa pale unaangalia. Tulikuwa tunalalamika! Kumbe ule ndo ulikuwa uediti wenyewe unaanza. Ukimaliza kaseti nne unaijua ile harusi kuliko aliyehudhuria, unajua nani alilia, wapi kamera ilitikisika, mjomba gani alitoa hotuba nzuri, kamera mwisho wa kaseti ilibaki inapiga nini. Ukigusa taimlaini, pale unapopangia klipu, mkato wa kwanza tayari unao kichwani.

Leo unachomeka kadi, kamera inayopiga kwa megabiti 100 inakupa GB 45 kwa saa, na zote zimeingia ukiwa unakunywa chai. Nani atakaa aangalie video za masaa sita? Vijana wanavuta klipu kwenye taimlaini, wanakimbiza kwa haraka wakitafuta pale panapong'aa, kukata keki, kufungua shampeni, kuingia ukumbini na yale madansi, wanaweka muziki, wameshamaliza. Na inapendeza, sisemi haipendezi, mikono yao ni myepesi kuliko yangu kwa mbali. Ila harusi zote zinafanana. Ukibadilisha sura za maharusi huoni tofauti.

Nitoe mfano mmoja. Kulikuwa na harusi imeshakatwa, inasubiri mimi niweke majina tu. Kwa kuwa proksi zilikuwa zinatengenezwa za kazi nyingine nikaangalia kadi ya kamera ya pili, ile iliyowekwa kwenye stendi pembeni ikaachwa. Wakati wa ndafu, kamera ya kwanza iko kwa maharusi, yule mbuzi ameletwa kwa shangwe na majani mdomoni, kila mtu amesimama na simu. Ile ya pili haina mtu, inaona meza ya wazazi kwa ubavu. Bibi harusi anapiga magoti kumlisha mama yake, mama anapokea kile kipande, hakili, anakishika tu kwenye leso, mkono wa pili anamwekea binti kichwani juu ya ile shela na midomo yake inasema kitu ambacho hakisikiki. Sekunde kama kumi na tano. Baba yake pembeni anavua miwani. Alafu MC anaita watu wengine na inaishia hapo. Hiyo klipu haikuwa popote kwenye video, kwa sababu hakuna aliyejua ipo. Nikaivuta nikaiweka nzima, nikashusha muziki, nikaacha kelele za ukumbi peke yake. Yule mama alipokuja kuchukua kazi na binti yake walikaa pale ofisini wakaiangalia sehemu ile, wakairudisha, wakaiangalia tena, wakashikana mikono.

Kwa hiyo sasa hivi utaratibu pale studio tumeubadilisha na mwenye studio amekubali. Kadi zikiingia, proksi zinawashwa, na wakati zinatengenezwa anayeediti anaangalia video zote kwa kasi ya kawaida, hotuba anaweza kuzipeleka mara mbili lakini nyuso hapana. Resolve ina kitu kizuri sana hapa, unabonyeza M unaweka alama, ukibonyeza tena unaandika neno, "mama analia", "mjomba anacheka", na alama unazipa rangi. Hiyo CS3 yangu alama ilikuwa nayo ila sikuwahi kuitumia kwa sababu kumbukumbu yangu ilikuwa imefanya kazi yote wakati kaseti inaingia. Yule kijana mwanzoni aliona namcheleweshea kazi. Juzi juzi nimemkuta mwenyewe kavaa hedifoni anaangalia ibada nzima ya kipaimara na daftari mezani, nikampita kimya kimya nikaenda zangu.

Rangi. Zamani nilikuwa na kile cha kusahihisha chenye maduara matatu, vivuli, kati, na mwanga, na maduara hayo bado yapo Resolve kwa hiyo hofu iliisha haraka. Kigeni ni nodi. Badala ya kurundika efekti kwenye klipu unazipanga kama mafundi waliokaa foleni, wa kwanza anarekebisha mwanga anampa wa pili, wa pili anarekebisha weupe anampa wa tatu anayeshughulika na ngozi tu, ukitaka kujua nani kaharibu unamzima mmoja mmoja. Na shida ya kumbi zetu ni hizi taa za LED za zambarau na bluu, ngozi nyeusi inageuka kijivu au inakuwa na ubluu wa ajabu. Vijana wengi wanafungua mwanga juu ili sura ionekane, shela nyeupe inaungua inakuwa karatasi, kile kitambaa chenye nakshi ambacho watu wamekichangia hela hakionekani tena. Usiguse mwanga wa juu, pandisha ule wa kati, alafu washa vektaskopu, ile grafu ya kupima rangi, kuna mstari wa kuonyesha ngozi inapotakiwa kuwa, na mstari ni mmoja kwa watu wote, mweusi sana, maji ya kunde, mweupe, tofauti yetu kubwa ni mwanga, upande wa rangi wote tunakaribiana. Nilivyolijua hilo nikaacha kubahatisha.

Sauti nitapita haraka. Siku hizi tunaweka kirekoda kwenye mikseta ya DJ, kwa hiyo MC anasikika safi, na Resolve inalinganisha sauti ya kirekoda na ya kamera yenyewe kwa kusoma mawimbi, kazi ambayo zamani nilikuwa naifanya kwa kutafuta pigo la ngoma fremu kwa fremu. Ila MC akishika maiki anapiga kelele na padri anaongea chini chini, ndo nikaingia Fairlight kusawazisha. Usipandishe kila kitu mpaka juu ukidhani itasikika vizuri zaidi, YouTube ikikuta sauti iko juu kupita kiwango chao inaishusha yenyewe. Na nyimbo za wasanii wanaojulikana ukizipandisha kule zinadakwa kwa hakimiliki, muelezeni mteja mapema kabla hajakasirika.

Wateja nao wamebadilika. Kesho yake asubuhi wanataka kipande cha dakika moja cha kusimama wima, 1080 kwa 1920, cha kuweka stetasi, ile ndefu hata ikichelewa hawaulizi sana. Mwanzo ilinikera, sasa hivi naona sawa tu, kwa sababu kile kipande ndo ndugu walioko mbali walioshindwa kuja wanakiona kwanza, kwa hiyo nakipa uzito wake, nyuso za wazazi lazima ziwemo.

Fusion, ile ya kutengeneza michoro, sijaigusa bado. Majina ya maharusi naandika na kifaa cha maandishi cha Text+ palepale kwenye Edit, inatosha. Nimeipangia Kwaresima, maana kipindi hicho harusi nyingi za kanisani zinasimama, studio inapoa, na kijana amesema atanifundisha yeye, mimi nimfundishe kuweka mwanga wa mahojiano kwa taa moja na shuka jeupe kama tulivyokuwa tunafanya.